Pima Kabla ya Kununua: Maradhi ya Simu za Intaneti Maofisini

Simu ya intaneti imekwisha kuingia katika ofisi nyingi: hospitalini, vyuoni, katika mabenki na katika vyama vya ushirika. Chombo kilichoko mezani hufanana na simu ya zamani. Kina mkono wa kusikilizia, tarakimu na mlio. Lakini waya wake hauendi tena kwenye nguzo ya barabarani. Huingia katika swichi ya mtandao, swichi huungwa na ruta, na ruta ndiyo inayotoka nje. Mabadiliko hayo yamepunguza gharama za mazungumzo, hasa yale ya masafa marefu. Papo hapo yameleta maradhi ya namna mpya. Mtu husema naye hasikiki. Sauti hukatika vipande vipande mithili ya redio iliyo mbali na kituo. Mazungumzo hufa yenyewe kabla salamu hazijaisha. Simu hulia vizuri asubuhi, na ifikapo adhuhuri huwa kimya, ilhali wapigaji huambiwa kwamba haipatikani.

Desturi iliyozoeleka mambo yakiwa hivyo ni kutafuta wa kulaumiwa. Kwanza hulaumiwa kampuni inayouza intaneti; kisha hulaumiwa simu zenyewe; na mwishowe mkuu wa ofisi huidhinisha fedha za kununua intaneti yenye nguvu zaidi au simu mpya. Fedha hutumika, na mara nyingi ugonjwa hubaki palepale. Sababu ni kwamba aghalabu kosa limo katika kisanduku kidogo kilichowekwa juu ya kabati, ambacho tangu kilipofungwa hakuna aliyekichunguza. Kasoro za namna hii hugunduliwa kwa kupima. Na elimu inayohitajika ili kuzipima ni ileile inayofundishwa katika shule za sekondari, ingawa haijazoea kutolewa nje ya maabara.

Sauti hufungwa katika pakiti

Alexander Graham Bell alipata hataza ya simu mwaka 1876. Kwa karibu miaka mia moja baada ya hapo, kupiga simu kulikuwa na maana ya kuunganisha njia moja ya umeme kutoka kwa msemaji hadi kwa msikilizaji. Njia hiyo ilikuwa yao wawili hadi walipoweka simu chini. Hata wakinyamaza, ilikaa wazi ikiwangoja. Mtindo huo ulikuwa na ubadhirifu, lakini ulikuwa na heri moja kubwa: sauti haikuwa na haja ya kupanga foleni.

Katika intaneti hakuna njia ya mtu binafsi. Simu hupima sauti mara 8,000 kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 8, hata sekunde moja ya maneno huwa biti 64,000. Hiyo ndiyo kanuni iitwayo G.711, iliyowekwa mwaka 1972 na ingali ikitumika. Vipimo vya kila milisekunde 20 hukusanywa, hufungwa katika pakiti moja, huandikwa anwani, na kutumwa. Kwa hiyo pakiti 50 huondoka kila sekunde, na 50 nyingine huja kutoka upande wa pili. Kila pakiti hubeba baiti 160 za sauti na baiti 40 za anwani na maelezo. Ukiongeza bahasha ya mtandao wa ofisini, simu moja huhitaji takriban biti 87,000 kwa sekunde kwenda, na kiasi hichohicho kurudi.

Yafaa hesabu hiyo iendelezwe kidogo. Watu 10 wakizungumza kwa wakati mmoja watatumia biti 870,000 kwa sekunde, yaani pungufu ya megabiti moja, kila upande. Ofisi nyingi zina intaneti inayozidi kiasi hicho mara nyingi. Hesabu ambayo mwanafunzi wa kidato cha kwanza aweza kuifanya yatosha kutia shaka dawa ya kununua intaneti kubwa zaidi.

Basi sauti yahitaji nini? Yahitaji kufika mapema, na kufika kwa mwendo ulio sawa. Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, katika pendekezo lake liitwalo G.114, unashauri kwamba sauti isikawie zaidi ya milisekunde 150 kutoka kinywani hadi sikioni, na kwamba mitandao isipangwe kuvuka milisekunde 400. Barua ya intaneti ikikawia sekunde mbili, hakuna anayejua. Silabi ikikawia sekunde mbili haina kazi tena, na simu inayoipokea huitupa. Ndiyo maana mtandao unaosifiwa na mhasibu kwa kufungua kurasa upesi waweza kuwa mtandao mbovu kwa mtu wa mapokezi aliyeshika simu. Wote wawili wasema kweli.

Saa ni shahidi

Dalili ya mvua ni mawingu, na dalili ya kwanza ya kasoro za simu hizi ni muda. Ofisi yenye saa ya ukutani na daftari imekwisha kupata nusu ya vyombo vya uchunguzi.

Simu zinazokatika kila mara baada ya nusu dakika na kitu ni mfano ulio wazi. Kazi ya kuita, kuitikia na kuaga hufanywa na itifaki iitwayo SIP, iliyoandikwa upya mwaka 2002 katika waraka RFC 3261. Anayepigiwa akiinua simu, chombo chake hutuma ujumbe wa kuitikia, kisha hungoja chombo cha mpigaji kithibitishe kwamba kimeupokea. Uthibitisho usipofika, ujumbe hurudiwa. Na baada ya sekunde 32 chombo hukata tamaa na kufunga mazungumzo. Sekunde 32 hazikutokea kwa bahati: ni nusu sekunde mara 64, kama waraka unavyoagiza. Kwa hiyo mtu aliyeandika katika daftari kwamba simu zote tano za leo zilikatika baada ya sekunde 32 amekwisha kugundua jambo kubwa. Amejua kwamba intaneti haikuchoka wala simu haikuharibika. Kuna ujumbe mmoja wa kuthibitisha unaopotea njiani.

Nao hupoteaje? Anwani za intaneti za toleo la nne zina biti 32, yaani hazizidi bilioni 4.3 hivi, nazo haziwatoshi watu wote na vyombo vyao. Kwa sababu hiyo ofisi nyingi hutumia anwani moja tu ya nje, na ndani huwa na anwani za faragha, kama zile zinazoanza na 10 au 192.168. Ruta hukaa mlangoni kama karani wa masjala. Kila pakiti inayotoka, huifuta anwani ya ndani, huiandika ya nje, na kuweka kumbukumbu katika daftari lake ili jibu likija lijulikane ni la nani.

Kwa kurasa za intaneti kazi hiyo hufanyika vizuri. Lakini ujumbe wa SIP una tabia moja yenye matata: anwani hutajwa juu ya bahasha, na hutajwa tena ndani ya barua. Karani hubadili ile ya juu, na ile ya ndani hubaki kama ilivyo. Upande wa pili ukiisoma barua na kutuma jibu au sauti kwa anwani ya 192.168, haifiki kokote, kwa kuwa anwani hiyo haina maana nje ya kuta za ofisi. Ndipo hutokea ile ajabu ya mtu mmoja kusikia na mwenzake kutosikia.

Watengenezaji wa ruta waliiona shida hiyo, wakatia ndani ya ruta programu ya kufungua barua na kusahihisha anwani. Katika kurasa za mipangilio ya ruta huandikwa SIP ALG. Nia ilikuwa njema. Lakini programu hizo mara nyingi husahihisha nusu na kuacha nusu, au husahihisha barua ambayo simu yenyewe, au seva iliyo nje, imekwisha kuisahihisha. Makarani wawili wakisahihisha daftari moja bila kuambiana, hesabu huharibika. Ndiyo maana makampuni mengi ya simu za intaneti huwaagiza wateja wao, kabla ya jambo lingine lolote, kuizima ALG. Huu ndio mfano bora wa kasoro inayoletwa na chombo kilichowekwa ili kusaidia. Na hakuna simu mpya iwezayo kuiponya, kwa maana simu mpya nayo itapita mlango uleule kwa karani yuleyule.

Dalili ya pili ni simu inayopiga vizuri ila haipigiki. Ruta haiweki kumbukumbu milele. Pakiti zisipopita kwa muda fulani, mstari hufutwa katika daftari. Waraka RFC 4787 wa mwaka 2007 wataka kumbukumbu za namna hii zisifutwe kabla ya dakika 2, na kushauri dakika 5 au zaidi. Zipo ruta zinazofuta baada ya sekunde 30. Simu iliyopangwa kujiandikisha kwa seva mara moja kwa saa, yaani kila sekunde 3,600, huwa imesahauliwa muda mrefu kabla ya kujiandikisha tena. Ikipiga yenyewe, huandikwa upya na kusikika. Ikipigiwa, ruta haijui pakiti iende wapi. Tiba yake ni kuiamuru simu itume pakiti ndogo kila baada ya sekunde 20 au 25 ili mstari wake usifutwe. Tiba hiyo haina bei.

Dalili ya tatu ni mazungumzo marefu yanayokatika karibu na dakika ya 15 au ya 30. Waraka RFC 4028 wa mwaka 2005 uliweka utaratibu wa simu mbili kuulizana kama mazungumzo yangali yakiendelea. Muda wa kawaida ni sekunde 1,800, na swali huulizwa ukifika katikati, yaani sekunde 900. Ruta ikiwa imekwisha kuifuta njia ya ujumbe, swali halifiki, na mazungumzo yaliyo hai huzikwa kama maiti. Kwa mara nyingine, aliyetazama saa ndiye aliyeona.

Foleni iliyo ndefu mno

Kuna kasoro nyingine zisizofuata saa, bali hufuata kazi za watu wengine. Sauti huwa safi mapema asubuhi, na huharibika pale mtu wa chumba cha pili anapotuma faili kubwa au kompyuta zinapopeleka nakala za akiba. Hapa ndipo shauri la kununua intaneti kubwa husikika kuwa la busara, na hapa ndipo yapasa lipimwe zaidi.

Mwaka 2010 Jim Gettys, mhandisi wa kompyuta wa Marekani, aliona kwamba intaneti ya nyumbani kwake ilizorota vibaya kila alipotuma mafaili makubwa. Hakuishia katika lawama. Alipima, akakuta kwamba pakiti zilikuwa zikingoja katika maghala marefu ndani ya vyombo vya mtandao. Yeye na Kathleen Nichols walilieleza jambo hilo katika makala ya mwaka 2011. Watengenezaji walikuwa wametia vyombo vyao ghala kubwa la kuhifadhi pakiti zinazosubiri, kwa kudhani kwamba kupoteza pakiti yoyote ni aibu. Matokeo yake ni kwamba pakiti hazipotei, ila hukawia. Na kwa sauti, kukawia ni sawa na kupotea.

Hesabu yake ni nyepesi. Ghala lenye kilobaiti 256 lina biti 2,097,152, yaani 256 mara 1,024 mara 8. Njia ya kutoka nje ikiwa ya megabiti 1 kwa sekunde, ghala lililojaa litachukua zaidi ya sekunde 2 kumalizika. Pakiti ya sauti inayofika nyuma ya foleni hiyo itakawia mara 14 ya kile kikomo cha milisekunde 150. Sasa ofisi na inunue njia pana mara 10. Foleni ileile itachukua sekunde 0.21, nayo bado imevuka kikomo. Bei imepanda, na mpigaji angali akilalamika, ingawa pengine si kila siku.

Dawa iliyopatikana ni kuitawala foleni. Ruta huamriwa kutuma kwa kiasi kilicho chini kidogo ya uwezo wa njia, tuseme asilimia 90, ili foleni isijengeke katika chombo cha nje kisichotawalika. Kisha pakiti za sauti hupewa alama ya haki ya kutangulia, ambayo kwa desturi ni namba 46, ili zipite mbele ya mafaili. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walitangaza utaratibu uitwao CoDel, ambao hutazama muda ambao pakiti imengoja, na kuitupa mapema endapo foleni inaelekea kukaa. Ruta nyingi za siku hizi zina utaratibu huo au jamaa yake. Kinachokosekana ni mtu wa kuuwasha na kutia namba iliyo sahihi; na namba hiyo haijulikani ila kwa kupima.

Swichi, waya na umeme

Kabla ya ruta kuna swichi, nayo ina makosa yake. Matundu mawili yaliyounganishwa kwa waya hukubaliana kama yatasema na kusikiliza kwa pamoja au kwa kupokezana. Fundi akilazimisha upande mmoja useme na kusikiliza kwa pamoja, na kuuacha upande wa pili utafute wenyewe, upande wa pili hushindwa kutambua na kuchagua kupokezana. Hapo pakiti hugongana. Ubaya wa kasoro hiyo ni kwamba hujificha: kukiwa na kazi kidogo kila kitu hupita, na kazi ikizidi pakiti hupotea kwa wingi. Anayepima wakati ofisi imelala ataapa kwamba swichi ni nzima.

Umeme nao wastahili kutajwa. Simu nyingi za mezani hupata umeme kwa waya uleule wa mtandao. Kanuni ya IEEE 802.3af ya mwaka 2003 huruhusu swichi itoe hadi wati 15.4 katika kila tundu. Swichi yenye matundu 24 ingehitaji wati 369.6 ili kuyashibisha yote kwa kiasi hicho, na si kila swichi ina uwezo huo. Ofisi ikiongeza simu moja moja, siku itafika ambapo simu ya mwisho itakosa umeme, au simu zitazimika na kuwaka bila sababu inayoonekana. Kosa la namna hiyo halina uhusiano wowote na intaneti. Ni hesabu ya kujumlisha iliyosahauliwa.

Utaratibu wa kuchunguza

Kanuni za uchunguzi ni chache. Ya kwanza ni kuandika: saa, aliyepiga, aliyepigiwa, nani hakusikika, na mazungumzo yalidumu sekunde ngapi. Maneno kama "simu inasumbua" hayana faida kwa fundi. Lakini mistari 20 ya daftari huonyesha umbo la kasoro.

Ya pili ni kuigawa njia. Programu iitwayo ping, iliyoandikwa na Mike Muuss mwezi Desemba 1983, hutuma pakiti ndogo kwa chombo fulani na kupima milisekunde hadi jibu lirudi. Jina lake limetokana na mlio wa vyombo vya manowari vinavyopima umbali kwa mwangwi, somo ambalo mwanafunzi wa fizikia analijua. Kompyuta iliyoungwa kwa waya na ipime kwanza hadi kwenye ruta ya ofisi, kisha hadi mahali palipo nje. Vipimo vichukuliwe mtandao ukiwa mtulivu, na vichukuliwe tena wakati faili kubwa linatumwa. Majibu ya ruta yakiwa thabiti na ya nje yakiruka kutoka milisekunde 30 hadi 900 wakati wa kutuma faili, foleni imepatikana. Majibu ya ruta yenyewe yakipotea, swichi au waya ndio wa kuulizwa.

Ya tatu ni kubadili jambo moja kwa wakati mmoja, na kupima tena. Fundi anayezima ALG, kubadili waya na kuwasha ruta upya kwa dakika hiyohiyo aweza kuiponya simu, lakini hatajua alichoponya, na ugonjwa ukirudi ataanza upya. Kuzima na kuwasha ruta, ambako ndiko dawa ya watu wengi, kuna hila yake: hufuta daftari la karani, simu zikajiandikisha upya, na kwa muda mambo yakawa mazuri. Pamoja na hayo hufuta ushahidi. Yapasa iwe hatua ya mwisho, na saa ya kuifanya iandikwe.

Ya nne ni kurudisha badiliko kwa makusudi ili kuona kama kasoro itarudi. Hatua hii huwachosha wengi, lakini ndiyo inayotenganisha ujuzi na bahati.

Yafaa ikubaliwe kwamba si kila kosa limo ofisini. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, na mawasiliano ya intaneti yakazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania na Kenya zikiwamo. Siku hiyo hakuna mipangilio ya ruta ambayo ingeweza kuunganisha waya uliokatika baharini. Lakini hata siku kama hiyo, mwenye vipimo vya jana ndiye anayeweza kusema kwa uhakika kwamba kosa liko nje, na kumdai mwuzaji wa intaneti kwa hoja badala ya hasira. Vipimo humlinda mteja, na humlinda pia mwuzaji asiyekuwa na hatia.

Ni kazi ya nani?

Kuna wanaoshikilia kwamba mambo haya ni ya mafundi, na kwamba shule zina mzigo wa kutosha. Hoja hiyo ina uzito. Mwalimu wa fizikia hana muda wa kufundisha kila kisanduku kinachouzwa dukani, na kisanduku cha leo kesho ni takataka. Walakini kinachotakiwa si kufundisha kisanduku. Kinachotakiwa ni kumzoeza mwanafunzi kuamini kwamba chombo kilichofungwa chaweza kuulizwa maswali kwa kipimo, hata kama hakifunguki. Mambo yote yaliyotajwa hapa, yaani kugawa ukubwa kwa kasi ili kupata muda, kujumlisha wati, kulinganisha vipimo viwili huku mambo mengine yakiachwa kama yalivyo, yamo katika mitaala tangu zamani.

Wengine watasema kwamba shule nyingi hazina maabara ya kompyuta. Somo la foleni halihitaji kompyuta. Mlango mmoja wa darasa watosha kuwa njia ya kutokea. Wanafunzi 30 wenye kubeba madawati wawe pakiti za faili, na wanafunzi watano wasiobeba kitu wawe pakiti za sauti. Kwanza wote wapange foleni moja, na mwenye saa apime kila mmoja wa wale watano amengoja sekunde ngapi. Kisha wale watano wapewe haki ya kutangulia, na muda upimwe tena. Mlango haukupanuliwa hata sentimeta moja, nao watapita haraka. Pale penye kompyuta moja iliyoungwa na intaneti, darasa laweza kuchora grafu ya vipimo vya ping wakati wa utulivu na wakati wa kutuma faili, na kuona kwa macho mstari unavyopanda.

Upande wa ofisi nao una wajibu. Mara nyingi neno la siri la ruta hukaa kwa aliyeiuza, na mwenye ofisi hajui hata lilipo. Ofisi isiyoweza kuingia katika chombo chake yenyewe haina njia ya kupima wala ya kutibu, inabaki kununua. Mkataba wa kuweka simu za intaneti wapaswa kueleza ni nani anayeshika neno hilo, mipangilio imeandikwa wapi, na vipimo vya siku ya kwanza vilikuwa vingapi. Karatasi hiyo moja ina thamani kuliko simu mpya 10.

Faida ya bidii hii haiishii katika hesabu za fedha. Katika simu isiyolia kuna mtu aliyepiga. Huenda ni muuguzi wa zahanati anayeiita hospitali ya wilaya apate gari la wagonjwa, au mzazi anayeuliza habari za mtoto aliye bwenini. Kwake yeye hakuna ruta wala foleni. Kuna ukimya tu, nao humfanya adhani kwamba amepuuzwa. Ukimya huo mara nyingi una sababu inayopimika, na sababu hiyo mara nyingi imekaa juu ya kabati, ndani ya ofisi ileile, ikingoja mtu mwenye daftari na saa.